Kilio cha Hanzuruni

Nikiwaita mje mchambue mchele hamna masikio. Nikisema sasa nakaa nipumzishe mgongo, mmejaa hapa kama nzi kwenye dagaa. Na mnataka ile ile ya Chausiku. Haya. Paukwa mtajipaukia wenyewe, mimi sina pumzi ya kuitikiana. Na mwisho wake msiniulize nani alikuwa mwema. Sijawaambia kuna mwema.

Walikuwepo wanawake watatu, hapo hapo Tanga, mitaa ya Ngamiani.

Wa kwanza Chausiku. Huyo Mungu alimpa uso. Si uzuri nasema. Wazuri wamejaa tele na hawana kazi. Uso wake ulikuwa unatii. Akiutaka uwe wa mke aliyefumaniwa, unakuwa. Akiutaka wa bibi harusi, mpaka hina unaiona. Akachukuliwa kuigiza filamu.

Wa pili Riziki, binti wa mama mdogo wa Chausiku. Huyo alipewa sauti. Akisoma kaswida madrasani, wapita njia walishuka kwenye baiskeli. Uso wake sasa, ungekutana naye sokoni mara tatu, mara tatu ungemuuliza jina.

Wa tatu Hanzuruni, mkaanga mihogo. Huyo hakuwa na kipaji. Alikuwa na mtoto.

Chausiku alikuwa ameshaigiza filamu nne, zote za kunyang'anyana mabwana, na hakuna aliyekumbuka hata moja. Ya tano ndiyo ilikuwa ya maana: mama anayeletewa maiti ya mwanawe. Mwongozaji, mtu mkavu akiitwa Sempombe, alimrudisha mara kumi na moja. Vitunguu vikakatwa, pilipili ikapakwa kwenye kope.

"Unalia kama mtu aliyeachwa na basi," Sempombe akamwambia. "Nakupa wiki. Ukirudi hivi hivi namchukua mwingine."

Wiki hiyo hiyo mtoto wa Hanzuruni, Shebe, miaka saba, akafa kwa homa ya siku mbili.

Msiba wa kwetu mnaujua. Mfiwa haachwi peke yake. Lazima awepo mwanamke wa kumshika, amwegemeze kifuani, amfute kamasi. Chausiku akaja, akavua viatu, akapenya mpaka mbele, akamkumbatia Hanzuruni. Siku tatu hakumwachia. Wanawake wakasifu: "Binti wa filamu, lakini ana utu."

Utu gani. Alikuwa kazini. Kifua kimembeba mfiwa, macho yanasoma. Akaona mwenye uchungu hapigi kifua. Anapiga paja, kwa kiganja kilichokunjuka, polepole, kama anayebembeleza. Akaona kidole gumba cha mguu kinavyojikunja. Akayashika na maneno, maana Hanzuruni hakulia maneno ya watu, alilia ya kwake: "Shebe, uji wako umepoa, nimpe nani? Shebe, uji wako." Wakubwa wakamkataza, dini haitaki maiti aliliwe kwa mayowe. Hakuwasikia. Chausiku alisikia kila neno.

Matanga yakaanuliwa asubuhi. Alasiri yuko mbele ya kamera. Uso ukalia mpaka mshika taa akasahau taa. Lakini sauti ya Chausiku, mnisamehe, ilikuwa mlango wa bati unaoburuzwa.

"Uso ninao," Sempombe akasema. "Sauti nitafutie."

Akaletwa Riziki. Wakamfungia kwenye chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, wakamwonyesha picha ya dada yake akifumbua mdomo, wakampa maneno, wakamwambia ajaze. Akajaza. Msiba ule hakuufika, alikuwa Pangani. Maneno yametoka wapi hakuambiwa, na hakuuliza.

"Jina langu mtaliandika?"

"Litaandikwa, mdogo wangu," Chausiku akamjibu.

Filamu ilipotoka waliandikwa mpaka waliopika pilau. Riziki hakuandikwa.

Watu wakalia majumbani, wakairudia ili walie tena. Chausiku akapewa sanamu ya shaba, mwanamke kainua mikono, akaisimamisha juu ya kabati la televisheni, kwenye kitambaa cha kufuma. Wakamwita Mama Machozi. Akaigiza nyingine kumi na tisa, na kila moja ina kilio kile kile, Riziki ndani ya magodoro. Sura yake ikawekwa kwenye pakiti za sabuni ya unga. Watu wakafulia na uso wake.

Hanzuruni hana televisheni. Yeye alisikia kwenye mashine ya kusaga. Kapanga foleni na ndoo ya mahindi, simu ya mtu ikaita: "Shebe, uji wako umepoa." Ndoo ikamponyoka. Alidhani kumbe yupo mwingine anayemlilia mwanawe, na wallahi kwanza alifurahi. Mwenye simu akapokea: "Niko mashine, naja."

Ikafika hitma ya mtoto, ile ya kila mwaka. Hanzuruni akafumbua mdomo alie. Wanawake wakatazamana, mmoja akajiziba kwa kanga: "Jamani, anamwiga Mama Machozi." Tangu hapo Hanzuruni akafunga mdomo wake.

Akaenda kwa Chausiku. Alimkuta Riziki kaja na lake, kasimama mbele ya kabati.

"Dada, sanamu hiyo ni yangu," Riziki alikuwa akisema. "Fumba macho uisikilize filamu. Utalia. Uso wako uko wapi hapo?"

"Nawe izime sauti uitazame. Utalia vilevile. Sauti bila uso si redio tu?"

"Na uso bila sauti?"

"Ni mimi. Na sanamu niliitiwa mimi."

"Hodi," Hanzuruni akasema.

"Karibu, mama. Umekuja kupiga picha?"

"Nimekuja kuchukua kilio changu."

Chausiku hakuelewa, mpaka alipouona mkono wa yule mama ukipiga paja polepole. Hapo ndipo akamtambua.

"Sikuiba, mama. Nilikushika siku tatu, mkono ukanifa ganzi. Bila mimi nani angemjua Shebe? Leo anajulikana mpaka Bujumbura."

"Anajulikana nani? Wanajua uji."

Riziki akakaa chini. "Kumbe yalikuwa maneno ya mtu?"

"Wewe ulidhani ya nani?" Hanzuruni akamuuliza.

Riziki akainua kichwa kuitazama sanamu kabatini. Akasema, "Basi sanamu uichukue wewe, mama."

"Niipeleke wapi, niinyweshe uji?" Hanzuruni akajifunga kanga yake. "Siku yakikufika, Chausiku, sijui utalia kwa kipi."

Hakuapiza, msiniongezee. Aliuliza tu.

Miaka miwili ikapita. Mama yake Chausiku, Bi Mwanamvua, aliyemlea peke yake kwa kusuka ukili, akaanguka uani akianika nguo, akafa.

Chausiku akaketi mkekani. Uchungu ukampanda, wa kweli safari hii, akafumbua mdomo, na mkono ukaanza kupiga paja wenyewe. Akauzuia. Akatafuta kulia kivingine, akapekua ndani mwake kilio cha mama yake, akakikosa. Mwili ulikuwa unajua kile kimoja tu. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya bati.

Hakuna aliyemshika. Wanawake walirudi nyuma kumpisha, ili simu zipate nafasi.

"Leo hajajitahidi," mmoja akanong'ona. "Kwenye filamu alilia vizuri zaidi."

"Na sauti siyo."

Hapo Riziki akaingia, akaliona jeneza la mama yake mkubwa, akalia. Simu zote zikageuka. Nani asiyeijua sauti ile? Wakamtazama Riziki, wakamtazama Chausiku, wakaelewa.

Chausiku akajisokomeza ncha ya kanga mdomoni. Akainua macho kutafuta wa kumshika. Mlangoni alikuwa Hanzuruni, kaja msibani kama watu. Alivua viatu, akaingia, akakaa karibu na ukuta. Hakumcheka. Hakumshika.

Matanga yalipoanuliwa, Chausiku akaitoa sanamu, akaiweka katikati ya mkeka, mbele ya wale wawili. "Mwenyewe aichukue," akasema, na tangu hapo hakuigiza tena. Riziki akamtazama Hanzuruni. Hanzuruni akaitazama sanamu. Na mimi nawaachia hapo hapo mkekani.

Chausiku yeye alimzika mama yake na kanga mdomoni, na mpaka leo hajamlilia. Akitaka kulia, anakumbuka kilio kile si chake, anameza. Wapo wanaosema basi, ameshalipa. Amemlipa nani? Hanzuruni hajapokea kitu.

Sasa semeni nyinyi mliokimbia mchele wangu: sanamu ile mngemkabidhi mwenye uso, mwenye sauti, au mwenye mtoto?