Kamba Iliyokaa Msumarini

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii tumezoea kuwapigia wazazi wanaowaachia watoto wafanye watakavyo, kisha mambo yakiharibika wanabaki wameshika tama. Lakini si kila mwana ana miguu miwili. Mwana wa hadithi hii alikuwa na minne, mkia uliosimama wima kama kidole cha mtu mbishi, na uzito usiozidi kilo nne hata akishashiba. Jina lake Kifungo.

Kifungo alikuwa mbwa wa mama mmoja mjane, mshonaji mstaafu, aliyeishi na bintiye katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bustani ya umma. Bintiye alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa, kwenye chumba cha kufungia vidonda, na watu wote walimwita Nesi, hata wale waliomjua kabla hajaota meno. Kazini hakuwa na mchezo. Mtu mzima na ndevu zake akianza kulia kabla ya sindano, Nesi alimwambia, "Lia tu, lakini usitikisike," na sindano ikaingia. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Huko chozi moja la mama yake lilimlegeza kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Nyuma ya mlango wao palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo kamba ya mbwa, nyekundu, ya ngozi safi, ambayo Nesi aliinunua kwa mkono wake mwenyewe. Kibandiko cha dukani kilikuwa bado kimeganda kwenye ndoano yake. Ilikuwa imetumika mara moja tu. Siku hiyo Kifungo alijibwaga sakafuni, akalia, akalia mpaka jirani akagonga ukuta, na mama akaifungua kabla hata hawajavuka kizingiti.

"Inamuumiza shingo," alisema mama.

"Mama, haijamkaza popote. Ameshajua tu kwamba akilia unaivua."

"Na wewe siku ya kwanza ya shule ulilia. Sikukurudisha nyumbani?"

"Ulinirudisha. Nikaanza shule mwaka uliofuata, mrefu kuliko darasa zima."

Mama alicheka, na kamba ikarudi msumarini.

Basi Kifungo akawa anaingia bustanini huru kama mwenye hati ya kiwanja. Getini palikuwa na ubao uliopakwa rangi na msimamizi wa bustani, mzee aliyeitwa Filimbi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila filimbi mdomoni. Ubao ulisema: MBWA WOTE WAFUNGWE KAMBA. MBWA ATAKAYEMUUMA MTU ATAONDOLEWA. Kila mtu alijua maana ya kuondolewa. Gari la idara ya mifugo lilikuja, likaondoka na mbwa ndani, na mbwa hakurudi. Mama alipita mbele ya ubao huo kila jioni, akiamini kabisa kwamba umeandikwa kwa ajili ya mbwa wakubwa.

Mbwa mkubwa kuliko wote pale alikuwa Gogo, wa Fundi Saa. Jina hilo alilipata kwa haki, maana akijilaza njiani ilibidi watu wamzunguke. Fundi alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mkabala na geti, naye aliishi chumba cha nyuma, peke yake. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kabisa na la pili linachechemea. Saa alizitambua kwa ncha za vidole, lakini hodi ya mlangoni, gari nyuma yake au jiko lililosahaulika linaungua, hayo aliambiwa na Gogo. Ndiyo maana alimshika kwa uangalifu wa kupita kiasi. Kamba aliizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono, na akiona mbwa mdogo anakuja alihama njia na kusimama nyuma ya benchi mpaka apite.

Tatizo ni kwamba Kifungo hakuwa mbwa wa kupita. Akimwona Gogo alimfuata mbio hukohuko nyuma ya benchi, akaingia chini ya tumbo lake, akamng'ata miguu ya nyuma, kisha akatoka upande wa pili akibweka kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa. Gogo aligeuza shingo na kumtazama bwana wake. Mama naye alikuja polepole, akitabasamu.

"Kanataka urafiki tu, Fundi. Kadogo haka katamfanya nini?"

Jioni moja Fundi alimsubiri Nesi getini alipotoka kazini. Hakuwa na hasira ya kelele, na afadhali angekuwa nayo.

"Nesi, mimi wangu nimemshika. Wenu anashikwa na nani?"

"Nisamehe, Fundi. Nitaongea na mama."

"Uliniambia hivyo mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake. Gogo ana damu kisiginoni, nami nacheka na mama yako kwa sababu ni mtu mzima. Lakini sikiliza. Gogo akifanya robo ya anayofanyiwa, kesho yake hayupo. Nikimkosa huyu, mimi ni mtu wa kugongwa na baiskeli."

Nesi alikwenda nyumbani amejifunga kibwebwe. Alianza vizuri, hata akaichukua kamba msumarini na kuiweka mezani. Mama aliitazama, midomo ikatetemeka. "Tangu baba yako atutoke," alisema, "huyu ndiye anayekaa na mimi kutwa. Na huyu nimfunge kama mwizi?" Machozi yakaanza kushuka, moja hili, la pili lile, na Nesi akajikuta anapiga magoti kuyafuta na kuuliza kama mama atakunywa chai. Akiwa jikoni anasubiri maji yachemke, alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia mama. Alijua fika anachokifanya, akakifanya.

Jumamosi iliyofuata Nesi alikuwa zamu. Kama saa kumi hivi alisikia filimbi barabarani, na dakika moja baadaye mlango wa chumba cha vidonda ukasukumwa. Aliingia mama yake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha kichwa kilicholowa damu, na mkono wa kushoto umembana Kifungo kifuani. Nyuma yake alikuwa Filimbi, anahema.

"Lile jibwa la Fundi," alisema Filimbi. "Nimelifunga kwenye nguzo ya geti, na Fundi mwenyewe yuko palepale. Mimi nilikuwa namwagilia upande wa pili. Nilipogeuka nikaona limesimama linabweka, na mama hapa damu chapachapa. Nijazie fomu, Nesi, niwapigie mifugo waje kabla hawajafunga."

Nesi alimkabidhi Filimbi Kifungo, akawatoa wote wawili, akafunga mlango. Jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, na hapo hakuna mjadala. Alifungua bomba, akaufungua mkono wa mama yake na kuuweka chini ya maji. Kisha akatazama saa ya ukutani, ambayo Fundi ndiye aliyeifufua mwaka uliopita.

Dakika mbili za kwanza aliosha tu. Dakika ya tatu maji yalikuwa meupe, na Nesi akaliona jeraha. Lilikuwa chini ya kidole gumba: matundu manne, mawili juu na mawili chini, madogo kama ya sindano ya magunia, na yaliyokaribiana kiasi kwamba ncha ya kidole chake iliyafunika mawili kwa pamoja. Miaka tisa alikuwa akifunga vidonda vya watu walioumwa na mbwa katika chumba hicho. Meno ya Gogo yangezunguka mkono mzima na nafasi ingebaki.

"Mama, nani amekuuma?"

"Si umeambiwa?"

"Nimeambiwa na mtu aliyekuwa anamwagilia maua. Nakuuliza wewe."

Mama alitazama bomba. "Lilinirukia. Nilimnyanyua Kifungo, nikaona lijichwa limenijia. Sijui. Mambo yalikuwa mengi."

"Fundi alikuwa ameshika kamba?"

"Alikuwa ameshika."

"Na Kifungo alikuwa wapi kabla hujamnyanyua?"

 Maji yaliendelea kutiririka. Nesi hakuhitaji jibu, alikuwa anaiona picha yote: Kifungo chini ya tumbo la Gogo, Fundi akiita, mama akikimbia kwa mara ya kwanza maishani mwake kumtoa, na Kifungo, mori umeshampanda, akageuka na kuuma mkono uliokuwa karibu. Mbwa aliyepandwa na hasira hajui mkono wa anayempenda.

Alivuta fomu kwa mkono mmoja, wa pili bado umeshikilia ule wa mama chini ya bomba. Mstari wa tano uliuliza: Mbwa aliyeuma na mwenye mbwa. Akachukua kalamu.

"Niandike nini hapa, mama?"

"Mwanangu, ukimwandika watamchukua."

"Wakimchukua Kifungo ni siku kumi, wamwangalie kama ana kichaa. Chanjo anayo, na amemuuma mwenye mbwa, si mtu wa nje. Atarudi. Gogo harudi. Na wewe unalijua hilo, mama, ubao unaupita kila siku."

Midomo ya mama ikaanza kutetemeka. Yakaja machozi, yaleyale, na mkono ukataka kuchomoka. Nesi alisikia magoti yake yakiitika kwa mazoea. Akaushikilia mkono.

"Lia tu, mama," alisema. "Lakini usitikisike."

Mama alishtuka, kama mtu aliyesukuma mlango alioujua uko wazi akakuta umefungwa. Alipoinua uso alikuta bintiye naye analia, machozi yanamdondokea kwenye aproni, na hayafuti kwa sababu mikono yote miwili ina kazi.

"Kosa hili si lako peke yako," alisema Nesi. "Fundi ameniomba mara tatu. Mara zote tatu nimekuogopa wewe ukilia, nikaenda kuchemsha chai. Sasa yuko getini na mbwa wake amefungwa kwenye nguzo, na mimi ndiye nimeshika kalamu. Sitamwandika Gogo. Nachotaka ni uniambie wewe."

Saa ilionyesha zimebaki dakika nne. Mama alizilia zote. Zilipokwisha, akajipangusa kwa bega.

"Andika Kifungo," alisema. "Na mwenye mbwa, mimi."

Baada ya sindano ya pepopunda na bendeji, mama alisema atakwenda getini mwenyewe. Nesi alimfuata nyuma, fomu mkononi. Fundi alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mgongo umeegemea nguzo, na Gogo ameweka kichwa mapajani pake.

"Fundi," alisema mama kwa sauti ya juu ili amsikie, na kwa hiyo bustani nzima ikasikia, "si Gogo aliyeniuma. Ni wangu. Nilinyamaza Filimbi alipokosea, halafu nikasema uongo. Nisamehe."

Fundi hakuinuka. "Sikio langu bovu, mama," alisema. "Lakini ulipomwambia Filimbi 'ndiye huyu', nilikusikia."

"Najua."

"Samahani yako nimeipokea. Urafiki tutauona mbwa wako akishafungwa kamba." Akaanza kumfungua Gogo, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kutetemeka juu ya saa ndogo kuliko ukucha, vilishindwa fundo mara mbili.

Gari la mifugo lilikuja saa kumi na moja na kumchukua Kifungo. Alilia njia nzima mpaka kona. Siku kumi mama aliamka, akatandika, akaketi mkabala na bakuli tupu. Kidole gumba kilipona kwa nje, lakini hakikukunjika tena vizuri, na sindano ya kushonea ilimponyoka kila alipoishika. Alilia asubuhi, alilia jioni, na Nesi alimpikia, akakaa naye, wala hakusema kitu cha kumfariji ambacho hakikuwa kweli.

Siku ya kumi na moja Kifungo alirudishwa, amekonda kidogo, ubishi uleule. Ilipofika jioni mama alisimama, akatoa kamba msumarini, akakibandua kibandiko cha dukani kwa kucha. Ndoano ilimsumbua, gumba halikukubali, ikamchukua muda kuifunga. Nesi alitaka kumsaidia, akajizuia.

Kifungo alijibwaga sakafuni na kuanza kulia. Alilia kwa sauti ya mnyama anayechinjwa. Jirani akagonga ukuta. Nesi, bila kujitambua, aliona mkono wake umeshafika kwenye ndoano.

"Mwache alie," alisema mama, akaizungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono, kama alivyoona Fundi akifanya. "Mimi zamu yangu nimeshamaliza."

Akafungua mlango, akasimama kizingitini na kungoja, na Kifungo akalia mpaka akachoka, akainuka, akamfuata. Nesi alibaki akiutazama msumari mtupu, akakubali moyoni kwamba hukumu hiyo iliwafaa wote wawili, mama na binti: mchelea mwana kulia hulia yeye.