Kichaka cha Isenga na Madoa ya Kanga

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Juni, Nyamizi binti Mashimba wa Kasubi alipewa kiwanja namba arobaini katika uwanda wa Isenga. Mwaka haukuandikwa, na hilo ni kosa la karani wa zama hizo. Wakati huo kanga alikuwa mweusi tititi, hana hata doa moja, na watu na ndege walielewana kwa maneno.

Watu wa Isenga walikuwa wameongezeka mno. Mtemi akaamuru kaya arobaini zipewe viwanja katika mstari mmoja, kuanzia mwambani hadi chemchemini. Mpima ardhi, Bwana Mihambo, akakipa kila kiwanja upana wa hatua arobaini na kuweka vigingi vilivyopakwa chokaa. Kura zikapigwa. Kiwanja cha mwisho, cha Nyamizi mjane, kiliangukia juu ya kichaka cha chemchemi, na humo kanga alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili.

Nyamizi aliingia na panga mkononi.

"Shikamoo, mama," kanga alisema. "Vichaka vingine vyote vimefyekwa. Ukifyeka na hiki, nitaatamia wapi?"

"Marahaba. Nami mwaka wa tatu huu nalala jikoni kwa wifi yangu. Nikikohoa tu, ananiuliza nimekula nini."

"Pole, mama. Wifi wa namna hiyo, afadhali mwewe."

Nyamizi alicheka hadi panga likamponyoka. Kisha akaketi, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa vijiti, akainuka na kuwaendea majirani zake waliokuwa wamekusanyika vigingini.

"Ndugu zangu, kila mmoja wetu apunguze hatua moja. Viwanja arobaini vya hatua thelathini na tisa vitaenea palepale penye viwanja thelathini na tisa vya hatua arobaini. Kiwanja changu kitaishia kando ya kichaka, nacho kichaka kitabaki kizima kwa kanga na mayai yake."

Shigela, mwenye kiwanja namba moja, akapiga makofi. "Haya! Leo kanga kapewa hatua, kesho panzi ataomba shamba!"

Watu wakaangua kicheko.

"Cheka, shemeji," Nyamizi akamjibu, "ila mchwa wameshaanza kula nguzo zako za nyumba ulizoleta. Nani atawadonoa? Mkeo?"

Shigela akageuka. Kweli, mchwa walikuwa wamejenga juu ya nguzo zake, na kanga dume alikuwa akiwadonoa kwa bidii. Shigela akajikuna kichwa, kisha akang'oa kigingi chake kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Wote wakamtazama Bwana Mihambo.

Mpima aliipima amri neno kwa neno. "Mtemi ametaja kaya arobaini," alisema hatimaye. "Hatua hakuzitaja."

Vigelegele vikapigwa. Vigingi vikasogezwa, vikapakwa chokaa upya ili kila mtu auone mpaka wake mpya. Kanga alipopata habari, alitoka mbio, akapita mstari wote akimshukuru kila mwenye kiwanja, huku wapakaji wakicheza kwa furaha na brashi za chokaa mikononi. Alipofika kigingi cha kwanza alikuwa ametapakaa matone meupe. Wanawake wakamletea maji anawe.

"La hasha," alisema. "Hizi ni alama za mpaka. Nani hufuta mpaka?"

Na tangu Jumanne ile, kanga na uzao wake wote huvaa madoa meupe. Viwanja vya Isenga vina hatua thelathini na tisa, na kila asubuhi kanga hutoka kichakani, hupita mbele ya nyumba zote arobaini wakidonoa mchwa, nao watu huwapisha.

Mwalimu Ngassa huwafundisha wanafunzi wake kwamba watu wa Isenga walimhurumia mjane wakampa kiwanja. Sivyo. Nyamizi hakuhurumiwa; alitoa hatua moja, kama wengine.