Mtakatifu Tibolo na Bwawa la Mabata

Paukwa!

Pakawa!

Kaa chini basi, na wewe unayesinzia sogea karibu na moto, nisije nikaisimulia mara mbili.

Hapo zamani za kale, mbali huko Ujerumani, palikuwa na kijiji cha Rebendau, kijiji cha mizabibu mlimani na walevi bondeni. Kanisani mwao mlikuwa na sanamu ya mti, kubwa kama mwanamume mzima, imetobolewa na dumuzi kila mahali. Huyo ndiye Mtakatifu Tibolo, mlinzi wa mizabibu. Alikuwa mlinzi kwelikweli? Mimi sijui. Waulizeni dumuzi.

Kila mwaka, sikukuu yake ikifika, watu walimbeba Tibolo hadi kilabuni. Jua likiwaka, walimmiminia divai kichwani. Mvua ikinyesha, dalili kwao ya mavuno mabaya, walimtupa bwawani kwa mabata bukini. Njiani waliimba:

*Jua ni divai, mvua ni bwawa,*
*Tibolo wetu, chagua iliyo sawa!*

Aliyeshika miguu ya Tibolo kila mwaka alikuwa mjane mmoja, Mama Apolonia. Huyu, jamani, alikuwa na shida. Miaka miwili mfululizo jalidi, ule umande unaoganda, ilikuwa imemwunguzia mizabibu. Bwana wa ngome, mwenye ardhi, akamwambia, "Mwaka huu pipa langu la divai lisipojaa, shamba nampa mwingine." Na Apolonia hakuwa na kitu kingine duniani ila shamba lile na bata bukini mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko shingo.

Sikukuu ikafika. Mvua ikanyesha kama imetumwa.

"We Tibolo!" Apolonia akafoka. "Nimekuwashia mishumaa, nimekufuta vumbi, nimekuombea hata dhidi ya dumuzi. Ndiyo shukrani hii?"

"Mama Apolonia," Tibolo akajibu, "mimi ni mti. Fundi aliyenichonga alikuwa mlevi, hata masikio hayako sawa. Unataka nifanyeje?"

"Utajua mwenyewe!" Wakamtupa. Chubwi! Akalala bwawani mchana kutwa, akinywa maji kwa kila tundu.

Sasa, kijijini alikuwa amekuja padri mpya, Padri Hieronimo, msomi, mkavu, asiyecheka hata akitekenywa. Jioni akamkuta Tibolo anaelea katikati ya mabata, akashika kichwa.

"Ushirikina! Alfajiri nitamchoma mlimani, kila mtu aone moshi wake!"

Apolonia akapiga magoti. "Baba Padri, sisi humtupa majini tu, hatumchomi. Ukimchoma, nani atanisikiliza?"

"Mungu atakusikiliza."

"Mungu ana kazi nyingi, Baba. Huyu hana kazi."

Padri hakusikia. Mvua ilikuwa imekatika, mbingu nyeupe, baridi inauma. Alfajiri akamburuta Tibolo hadi juu ya mashamba, akamlaza juu ya kuni, akawasha. Watu wakasimama mbali, wanalia. Apolonia akalia kuliko wote, maana mizabibu yake ilikuwa imeanza kung'aa kwa jalidi.

Bata bukini wake akanyoosha shingo. "Tibolo, unaungua?"

"Siungui," Tibolo akasema. "Nimelowa mno. Nafuka tu."

Padri akaongeza kuni. "Sasa unaungua?" bata akauliza.

"Nafuka tu."

Padri akaongeza mafuta ya taa ya kanisa. "Na sasa?"

"Nafuka tu, ndugu yangu, tena nimeanza kusikia usingizi. Mwambieni Apolonia mishumaa yake niliiona."

Akafuka, akafuka, akafuka. Moshi mzito ukateremka mlimani ukailalia mizabibu yote kama blanketi. Na jalidi, wakulima wa mizabibu wanajua, haipatani na moshi, maana moshi huizuia baridi isiyashukie majani. Jua lilipopanda, Tibolo amekwisha kuwa majivu. Vijiji vya jirani, mizabibu myeusi kama makaa. Rebendau, kijani kitupu!

Apolonia akalikimbilia shamba lake, akalishika jani moja baada ya jingine, akacheka na kulia pamoja. Siku ya mavuno, pipa la ngome likajaa na jingine likabaki.

Watu wakamwendea padri na kikombe cha divai mpya. "Baba Padri, muujiza ni wa Tibolo, lakini mkono uliowasha ni wako. Kunywa!"

"Ushirikina!" akasema, akaonja kidogo.

Wakamletea cha pili. "Hm. Ushirikina," akasema, akamaliza.

Wakamletea cha tatu. Padri akajipangusa midomo, akautazama mkono wake. "Kwa kweli," akasema, "mkono huu una baraka. Mizabibu yenu nailinda mimi." Tangu siku hiyo hakuacha kukumbusha watu, wala hakukataa kikombe.

Mwaka ukageuka. Sikukuu ikafika. Mvua ikanyesha!

Watu wakaingia kanisani. Pale pa Tibolo hapana kitu, ila mtungi wa majivu. Wakatazama mtungi. Wakatazamana. Wakamtazama padri.

"Msithubutu!" Padri akasema, akirudi nyuma. "Mimi si sanamu!"

"Sanamu hakuwa na kelele hivi," akasema bata bukini.

Wakambeba juujuu, wakashika njia ya bwawani, wakiimba:

*Jua ni divai, mvua ni bwawa,*
*Padri wetu, chagua iliyo sawa!*

"Mama Apolonia!" padri akalia. "Wewe ni mwanamke wa sala! Waambie!"

"Samahani, Baba Padri," Apolonia akasema, akiikaza mikono. "Mimi ndiye wa miguu. Aliyekubali divai, amekubali na bwawa."

Chubwi!

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa bwawa, padri anatema maji. Anayemwonea huruma akamvute. Mimi nabaki na moto wangu.