Jigawe Aliyegoma Kufa

Paukwa!
Pakawa!
Pua mnazo?
Tunazo!
Basi zibeni!
Tumeziba!

Hapo kale, ndani ya kisahani cha maabara, ziliishi seli. Desturi yao ilikuwa moja: ukizeeka unaaga, unajikunja, unakufa, wenzako wapate nafasi na chakula. Wote walifanya hivyo, isipokuwa Jigawe, seli ya saratani.

Jigawe alikula, akajigawa: pwa! wawili. Wakala, wakajigawa: pwa! pwa! wanne. Jirani yao, seli mwenzao Bi Utando, akabanwa ukutani, njaa inamkata.

"Mzee Jigawe, zamu yako ya kufa imepita!"

"Nife? Kwani huko kuna chakula?"

Mara, pu! Ikaanguka punje ya kitunguu saumu, nzima, hata harufu haina.

"Mwanangu, tuokoe!" akalia Bi Utando.

"Nikiwa mzima siwezi kitu, mama. Ukali wangu hutoka nikipondwa. Tulia." Punje akapaza sauti: "Jigawe! Nasikia makalio yako mepesi kama pamba!"

"Ya nani? Yangu?"

Akamkalia. Pwaa! Pyaa! Punje akawa rojo. Lakini ukali haukuja papo hapo, ulitaka muda. Na Jigawe kashafungua mdomo!

"We bwana!" rojo likafoka. "Mnakula bila kuamkiana? Mdogo amwamkie mkubwa kwanza!"

Jigawe akamgeukia Jigawe. "Haya, niamkie."

"Niamkie wewe!"

"Mimi ndiye mimi wa kwanza!"

"Mimi ndiye wewe wa kwanza!"

Hakuna aliyekula. Hakuna aliyejigawa. Shikamoo haitoki! Rojo likakolea, likakolea, likanuka mpaka kisahani kikapiga chafya: chyaa!

Walipochoka kubishana, wakalilamba wote kwa pamoja. Likawanong'oneza humo ndani: "Zamu yenu imefika. Fungasheni."

Ghafla wakashikwa na adabu! Wakajikunja, wakajikatakata, wakajifunga vifurushi vidogovidogo. "Kwaheri, Bi Utando! Utuwie radhi kwa kukubana!"

Bi Utando akanyoosha miguu, akavila vifurushi vyote. "Mmh! Na saumu imekolea."

Ngano nimeifunika, harufu nawaachia. Nawe uliyekwishajaza vitunguu mfukoni, ukiugua nenda hospitali. Jigawe aliishi kisahanini, na mwili wako si kisahani.

Funzo? Ishini vizuri na majirani, hasa wakishaiva.