Mgeni Rasmi na Upawa wa Makande

Jongeeni, jongeeni.
— Tumejongea.
Mkeka umetosha?
— Tumebanana hivyo hivyo.
Nidanganye kidogo?
— Danganya, lakini ufike.

Basi Kiboko aliamua kuzunguka nchi nzima kufundisha wema. Hakutumwa na yeyote. Alijitazama majini, akauona mdomo wake ule, akasema mdomo mpana namna hii haukuumbwa kwa ajili ya majani tu. Akamchukua Pimbi, kijinyama cha majabalini kisichofika hata gotini, amfuate na ngoma ya kukusanya watu.

Pimbi alikubali kwa moyo mweupe. Alipenda wema, na alipenda kutembea. Mwezi haujaisha, kachoka hadi kucha.

Maana safari ilikuwa hivi. Wakafika shule ya ngedere. Pimbi akapiga ngoma, du-du-du. Kiboko akahutubia: "Wema, wanangu, ni kumtanguliza mwenzako." Likaletwa sufuria la makande. Mgeni rasmi akatangulia. Gubu, gubu, gubu, sufuria jeupe. Watoto wakarudi darasani na njaa yao.

Wakafika shule ya swala. Du-du-du. "Wema, wanangu, ni kumtanguliza mwenzako." Gubu, gubu, gubu, sufuria jeupe.

Shule ya nguchiro, vivyo hivyo, na huko akaomba na maji ya kushushia.

Njiani Pimbi akajaribu kumwambia. Alianza kwa adabu, kwamba mheshimiwa huenda hakuwaona watoto waliopanga foleni na vibakuli. Kiboko akasema aliwaona vizuri sana, ila kuwanyima wenyeji nafasi ya kumkarimu mgeni ni ukatili. Pimbi akaitazama ngoma yake, hajui aipige au ajipige nayo.

Shule iliyofuata ilikuwa ya majabalini kwao, na wanawe watatu walisoma hapo. Mwaka ule mvua ilikataa. Mwalimu mkuu, Bi Sikitu, pimbi mzee wa miwani, akamvuta Pimbi pembeni akamnong'oneza kwamba sufuria lile ndilo la mwisho, ghala limebaki na panzi, na watoto hawajala tangu jana.

Pimbi akageuka. Kiboko keshahutubia, keshaketi, keshafungua mdomo.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya kufika nyuma, "huku kwetu mgeni wa kawaida hupewa sahani. Mgeni mkubwa hupewa upawa."

Kiboko akafunga mdomo. "Mkubwa kiasi gani?"

"Wa kiasi chako hatujawahi kumpata."

Akaupokea upawa kwa mikono miwili. Maskini, tangu azaliwe amepakuliwa, hajawahi kupakua. Hakujua jambo linalojulikana na kila aliyewahi kusimama jikoni, kwamba mpakuaji hula mwisho.

Mtoto wa kwanza akadondoshewa punje nne. Akasema asante kwa sauti ya mbu.

"Mbona ananong'ona?" Kiboko akauliza.

"Asante za huku hufuata upawa, mheshimiwa. Ujaze usikie."

Akaujaza, pwaa. Shule nzima ikaitikia: "Babu mwema!" Du-du-du. Masikio ya Kiboko yakacheza yenyewe. Akamwita yule wa punje nne arudi. Pwaa. "Babu mwema!" Pwaa. "Babu mwema!" Pwaa, pwaa, hadi upawa ukagonga chini, kwaruu.

"Na langu mimi?"

Bi Sikitu akarekebisha miwani. Akamweleza kwa heshima zote kwamba mpakuaji hula mwisho, na mwisho ndio huu. Akabandua ukoko, akampa nusu. Nusu nyingine akampa Pimbi, maana mpiga ngoma naye ni wa jikoni. Hilo Pimbi hakulipigia hesabu. Wakaketi wawili wanatafuna, kwacha, kwacha, watoto wakiwatazama kwa huruma.

Ungedhani yameisha. Kiboko akafuta machozi, akasema amesikia kitu kikimgusa kifuani na lazima akiongeze kwenye hotuba. Tangu siku ile kila shule akidai upawa mwenyewe, na kila shule watoto wakishiba. Ila hotuba ya sentensi moja ikawa ya asubuhi hadi adhuhuri: "Siku ile nilipopakua kule majabalini..." Na Pimbi mpaka leo anapiga ngoma, du-du-du, anakula ukoko.

Funzo ni hili, wanangu: msitende wema. Aliyekula keshasahau, aliyepakua hamalizi kusimulia.

Sufuria limekwanguliwa, nami nimefika. Aliye karibu na mlango aoshe upawa.