Ada za Kadi za Marlys

Mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake, jambo dogo unalolipuuza leo ndilo litakalokulaza kesho. Nyinyi watoto wetu mnaofungua biashara ndogo, sikieni yaliyomfika mwenzenu.

Marlys Hobart wa Dubuque, Iowa, huko Marekani, alikuwa mchapakazi kama mchwa. Alipoachwa na mumewe alinunua gari kuukuu, akalitia oveni, akawa anauza kahawa na pai za tufaha mbele ya kiwanda cha matrekta. Gari hilo ndilo lililomlisha yeye na binti zake wawili. Wateja walilipa kwa kadi, hata kikombe cha dola mbili. Kampuni ya kadi ilikata ada yake kwanza, ndipo ikamtumia kilichobaki.

Mama yake, Verna, aliyewahi kuendesha saluni, alimsihi kila mara azitunze taarifa za ada, maana ada ni gharama ya biashara na hutolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Marlys alizifuta kwenye simu bila kuzisoma.

"Mama, nawe kwa senti! Ungeweza ungeokota hata zile watu wanazotupa kwenye chemchemi ya bustani kuombea bahati."

"Cheka tu, mwanangu. Unalipia kodi pesa ambayo hujaishika."

Kila Aprili Marlys alijaza fomu ya kodi mwenyewe, akaandika mauzo yote kabla ya ada. Unga aliutoa, gesi aliitoa, ada hakuitoa. Miaka mitatu alilipa kodi ya ziada, karibu dola elfu moja kila mwaka, wala hakujua.

Mwaka wa tatu kiwanda kilipunguza watu. Kodi ikamkuta mikono mitupu, akakopa dola elfu tatu, akaliweka gari rehani. Baridi ilipoingia malipo yakamshinda. Gari likavutwa na mkopeshaji asubuhi, binti zake wakitazama dirishani.

Ndipo alipompelekea karatasi zake mhasibu aliyesaidia watu bure kanisani. Mzee yule akafunua, akafunua tena.

"Ada za kadi umeziandika wapi, dada?"

Marlys akapekua fomu zote tatu, asizione.

"Basi pesa uliyokopa ni sawa na hii uliyowazidishia watu wa kodi. Tutaidai, lakini itachukua miezi."

"Gari limeuzwa Jumatatu," alisema Marlys.

Hundi ya kodi iliyorudishwa ilifika Agosti. Marlys alikuwa akipiga deki kiwandani usiku, na binti zake wamehamia kwa baba yao, jimbo la Nebraska. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.