Muhogo wa Kwalugwe

Kijiji kimoja kilikuwa na shamba la muhogo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa chakula. Kijiji kiliitwa Kwalugwe, na shamba lilikuwa la wote: kila nyumba ilitoa mtu wa kulima siku yake, apende asipende, na wengi hawakupenda. Humo ilipandwa miti ya muhogo iliyookotwa kila pembe, minene na myembamba, michungu na mitamu. Iliyoshikwa na batobato, ule ugonjwa unaokunja majani kama manda ya sambusa, iling'olewa ikachomwa. Iliyostahimili ilikatwa pingili, vipande vya shina vya kupandwa, na pingili zikagawiwa kwa yeyote aliyeomba, hata mpita njia asiyejulikana baba wala mama. Kilichochomwa kilikuwa kingi kuliko kilichogawiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, miaka nenda miaka rudi.

Mzee wa kijiji, Semboja, alilichukia shamba lile kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuona jembe likiingia na gunia likitoka, basi. Alilima pale tangu ujana, mgongo wake ulipindia pale, na hakuwahi kurudi na hata kikapu. Watu wa kijiji jirani walimchokoza gulioni: "Mzee Semboja, mwaka huu mmevuna moshi kiasi gani?" Alicheka nao, lakini akifika kwake aliusukuma ugali kando.

Mwaka mmoja alimwita Kilua, mwanamke aliyewaongoza watunza shamba.

"Kilua, mwanangu, mnakula jasho letu. Sasa nataka kuiona kazi. Kila wiki mlete pingili zenu mbele ya baraza, tuzitazame. Rundo likiwa dogo, shamba naligawa viwanja, watu wajenge."

"Baba, pingili si kuni."

"Basi na ziwe nyingi kama kuni."

Kilua na wenzake nao hawakuwa malaika. Pingili nzuri ya muhogo ni ndefu, na ina macho kadhaa, ili jicho moja likifa jingine lichipue. Wao wakaanza kuikata nusu. Kisha nusu ya nusu. Mwisho kila jicho lilikatwa peke yake, kijiti kama kidole gumba. Hata miti ambayo bado haijajulikana kama itastahimili ilikwenda na panga, ili mradi rundo lipande. Nalo likapanda mpaka madirishani mwa baraza. Semboja akalizunguka kama bwana harusi. Akawaita wale wachokozi wa gulioni, akawachinjia mbuzi, nao wakala, wakasifu, wakafuta midomo wakaenda zao.

Mvua zikaanza. Watu wakachukua vijiti wakapanda mashambani mwao, Semboja akiwa wa kwanza. Lakini jicho lililo peke yake halina akiba. Jua lilipowaka kwa nguvu likayakausha macho hayo humo humo ardhini. Machache yaliyochipua yalitoka na batobato. Shamba la Semboja lilibaki jekundu, tupu, kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba. Na miti ya kukata tena haikuwapo, maana yote ilikwisha kwenye rundo. Kijiji kizima hakikuwa na mbegu.

Mnadhani Semboja alijilaumu? Alimlaumu Kilua. "Nilisema mimi! Shamba la wavivu!" Akaagiza trekta lije ling'oe hata visiki. Halafu, kwa kuwa mvua hazimngojei mtu, akajitwika gunia tupu akaenda kutafuta mbegu. Kwa majirani aliona haya kupita. Alivuka mto, akashika njia ya milimani, huko ambako hakuna aliyemjua.

Alipofika juu ya mgongo wa mlima alisimama, pumzi imemkatika, na si kwa kupanda. Bonde lote lililokuwa mbele yake lilikuwa muhogo. Umeshuka mteremko, umepanda upande wa pili, umezunguka nyumba za watu, umekwenda mpaka mahali ambapo jicho linachoka na kuacha. Jani pana, bichi, halina kunjo hata moja. Upepo ulipopita, bonde zima liligeuka rangi kwa pamoja, kama mtu mmoja anayegeuza kiganja. Semboja alizaliwa kwenye muhogo, akakulia kwenye muhogo, na siku ile akautazama kana kwamba hajapata kuuona maishani mwake. Akavua kofia. Mwenyewe hakujua kwa nini ameivua.

Kwenye nyumba ya kwanza alimkuta bibi mmoja, Namkunda, anamenya muhogo barazani. Akapiga hodi, akakaribishwa, akaeleza shida yake.

"Mbegu hatumnyimi mtu," bibi akasema. "Ila kwetu mbegu haitoki bila jina. Unayepewa unaambiwa ni watu gani walioianza, nawe ukimpa mwingine unawataja vilevile. Ukinyamaza ukajifanya ni yako, huo ni wizi."

"Nitawataja. Niambie ni kina nani."

"Muhogo huu ni wa Kwalugwe."

Semboja akadhani anataniwa. Akamtazama bibi usoni, asione utani.

"Alipita hapa mchuuzi wa chumvi na pingili kwenye mzigo wake," bibi akaendelea, kisu hakisimami. "Mwenyewe alipewa bure huko. Batobato ilikuwa imetumaliza. Nilikuwa nimeshazika watoto wawili kwa njaa, wa tatu nimempakata, namsikia anavyopungua. Huyo hapo." Akanyoosha kisu kwa mwanamume mpana aliyekuwa akilima mbele ya nyumba. "Sasa anamaliza sufuria peke yake, hata aibu haoni. Basi bonde hili ni Kwalugwe, na la nyuma yake, na kwa wakwe zetu, na kwa wakwe wa wakwe zetu huko nisikokujua. Wengine wameichanganya na ya kwao ikatoka nyingine kabisa, lakini wanasema, huyu ni mtoto wa Kwalugwe. Hatujawahi kuwaona watu hao. Tunawaombea dua na sura zao hatuzijui. Je, wewe baba, ni mtu wa wapi?"

Siku zote ambazo Semboja alilima shamba lile la kwao akinung'unika zilimjia. Kila alichokiita hasara kilikuwa kimesimama mbele yake, kimejaza bonde, kinacheza na upepo, na kijana aliyekuwa afe anakipalilia.

"Wa Kwalugwe," akasema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

Kisu cha bibi kikasimama. Mwanamume yule akaweka jembe chini, akaja. Akakishika kiganja cha mzee, akakifungua, akapitisha kidole juu ya sugu zake moja moja. Bibi naye akainuka, akaenda kukata pingili za kujaza gunia la mgeni.

Semboja aliporudi, trekta lilikuwa limeshaingia shambani na kulima ukingo mmoja. Akasimama mbele yake na gunia lake kichwani mpaka dereva akazima. Watu wakakusanyika. Kilua akauliza mbegu imetoka wapi, na Semboja akamjibu kwamba ni ya Kwalugwe, na wapo waliodhani jua la milimani limempanda kichwani. Yeye akashusha gunia, akaomba panga, akakata pingili ya kwanza ndefu, yenye macho yake yote. Akampa Kilua, akamwambia, "Ipande pale pale ulipokuwa unapanda, na ukichoma tena, choma. Sitauliza."

Basi ninyi mnaosimama kwenye geti la chuo kikuu tulichokijenga kwa kodi za wote, mkiuliza mwaka huu watafiti wake wameandika kurasa ngapi: nani kati yenu amewahi kupanda mlima, akauliza ni nani huko anayeishi leo kwa kazi ya wale waliomo ndani?